Nyata, Mtoto Amelala

MAELEZO YA SHAHIDI
Kuhusu: kuanguka kwa roshani ya mbao katika hoteli ya bustani
Jina: Mama Pacha
Umri: miaka 47
Kazi: fundi cherehani
Makazi: nyumba ya pili nyuma ya soko la nguo
Yameandikwa: Jumatatu, tarehe 16, saa 3:20 asubuhi

Nimekuja kituoni mwenyewe, sikuitwa. Nimeambiwa niseme niliyoyaona kwa macho yangu na nisitie chumvi. Nitajitahidi, ingawa jambo lenyewe hata bila chumvi ni gumu kuaminika.

Sisi ni marafiki wanne: mimi, Nesi, Mwalimu, na seremala tunayemwita Randa. Tumeshibana kwa miaka kumi na tisa. Kila Jumamosi ya pili ya mwezi tunatoka pamoja, na tuna sheria moja: siku hiyo hakuna kazi. Atakayetaja kazi yake anatozwa faini ya kusimama na kuimba mbele za watu. Mimi nimewahi kuimba kwa kosa la kusema kwamba pindo la sketi ya mhudumu limefumuka. Sheria hiyo niliitunga mimi.

Mnamo tarehe 14, saa 7:30 mchana, tulifika hotelini kusherehekea miaka hamsini ya Nesi. Randa nilimpitia mimi kwenye karakana yake saa 6:45 tukaenda pamoja. Hakubeba kifaa chochote. Alivaa shati jeupe nililomshonea, nalo halina hata mfuko. Tulikaa juu, kwenye roshani inayotazama bustani. Kulikuwa na watu kama arobaini, wengi wao wa familia moja iliyokuwa ikimpongeza binti yao kwa kumaliza chuo. Spika ilikuwa inanguruma na watu wanaruka.

Saa 8:50, keki ikiwa imeshakatwa, Randa aliacha kutafuna. Aliweka kiganja kwenye nguzo iliyokuwa nyuma ya kiti chake. Kisha akachukua kisu cha keki, akainama, akaichoma nguzo karibu na sakafu. Kisu kilizama mpaka kwenye mpini. Ndicho hiki nilichoonyeshwa hapa mezani. Mwenye hoteli anadai Randa ndiye aliyeiharibu nguzo, kwa kuwa alionekana penye nguzo na kisu. Ni kweli, hata mimi nilimwona. Lakini kisu chenyewe ni butu, Nesi aliikandamiza keki badala ya kuikata. Nguzo inayopitisha kisu cha namna hiyo imeliwa na mchwa siku nyingi.

Randa alisema, "Jamani, nguzo hii imekwisha. Tushuke."

Mwalimu akapiga makofi. "Kazi hiyo! Faini!"

Randa akasema tena, taratibu, "Sitanii. Tushuke, polepole."

Mimi nikagonga meza kwa kijiko. Nikamwambia, "Umerudia kosa! Sasa beti mbili, na usimame."

Alinitazama kidogo. Kisha akasimama, akaenda akaizima spika. Watu wakamzomea. Akaanza kuimba.

Randa hana sauti, hilo tunamtania kila mwaka. Anaimba kama msumeno uliokwama. Aliimba, "Nyata, nyata, mtoto amelala," akatufundisha kuitikia, "Tusimwamshe." Alimshika mkono bibi mmoja mwenye fimbo, wa ile familia, akamtanguliza. Wengine akatupanga nyuma yake, kila mtu ameshika bega la aliye mbele, anakanyaga kwa vidole, anapita upande wa ukuta. Watu walicheka chini chini na kutii. Watu arobaini waliokuwa wakiruka sasa hivi, wakashuka ngazi mmoja mmoja wakinyata kama wezi, wahudumu na sinia zao nyuma. Ubeti wa pili ulisema mtoto amelala mwisho wa bustani, kwa hiyo hakuna aliyesimama chini ya roshani. Mwili ulinisisimka. Nilidhani ni uzuri wa mchezo tu.

Yeye alibaki juu, kiganja kwenye nguzo, akiimba. Nilipompita niliona shati limelowa jasho mpaka kiunoni, na midomo imekauka. Hapo ndipo nilipojua. Nikasema, "Randa!" Hakuacha kuimba. Alinisukuma begani kwa vidole viwili, niendelee.

Saa 9:02, Randa akiwa wa mwisho kabisa kwenye ngazi, roshani ilianguka yote. Ubao mmoja ulimvunja mkono wa kulia. Hakuna mwingine aliyepata hata mchubuko. Nesi aliufunga ule mkono kwa mtandio wake, analia huku anafunga. Yule bibi mwenye fimbo alikuja akauliza, "Na huyo mtoto yuko wapi?"

Nimeishi miaka arobaini na saba na sijaona kitu kama kile. Nimekuwa na mtu huyu Jumamosi zote hizo, nikimcheka, na sikujua nimekaa na nani. Nilimuuliza kwa nini hakupiga kelele. Alisema, "Mngekimbia. Mngekimbia, ingeshuka na nyinyi." Baada ya kufungwa plasta hospitalini aliletwa hapa, na yumo ndani tangu juzi jioni.

Nimeulizwa na afande: kama mtuhumiwa alijua roshani itaanguka, kwa nini aliimba badala ya kusema?

Alisema. Alisema mara mbili, mezani, kila mmoja wetu akisikia. Mimi ndiye niliyemwambia aimbe.

Hayo ndiyo niliyoyaona, na ndiyo niliyoyafanya.

Sahihi ya shahidi: Mama Pacha

Maelezo ya mwandishi: Nimemsomea shahidi maelezo haya neno kwa neno. Nilimshauri sentensi ya kwamba yeye ndiye aliyemwambia mtuhumiwa aimbe iondolewe, kwa kuwa haimsaidii yeye mwenyewe. Amekataa, akaomba nipige mstari chini yake, kisha akatia sahihi. Saa 4:35 asubuhi. Afande wa zamu.