Hesabu ya Hodan

Jumatatu, 8 Septemba
Kidato cha Nne tena, kipindi cha mwisho, jua la Garissa likitukaanga. Somo: tufe. Nikawasimulia Mgiriki wa kale aliyepima tufe kwa kuwaza mizani. Kitabu chake kilikwanguliwa, sala zikaandikwa juu. Karne nyingi baadaye wataalamu wakakimulika kwa taa maalumu, hesabu ikaonekana chini ya sala. Darasa lilisinzia. Hodan peke yake akauliza hiyo mizani ilikuwaje. Nikamwambia ajaribu mwenyewe.

Jumanne, 9 Septemba
Baba yake Hodan anahamisha mifugo kuelekea Liboi. Ukame. Wanaondoka wote kesho, mtihani ukiwa mlangoni. Nina hasira.

Jumatano, 10 Septemba
Siku ya kuosha loox, mbao ambazo watoto wa dugsi ya Aabo, madrasa ya baba yangu, huandikia Qur'ani kwa wino wa mkaa. Mgongo wa Aabo umechoka, kwa hiyo huosha mimi. Sitazami. Mkono unaijua kazi. Ya mwisho ilikuwa na duara. Nilishtuka maji yameshapita.

Aabo akasema, "Hodan alileta asubuhi. Daftari yake imeisha, akaomba loox moja. Alisema wewe usome."

Akaiegemeza pamoja na nyingine, akasahau. Nimemfokea baba yangu. Astaghfirullah.

Alhamisi, 11 Septemba
Nimeigeuza ile loox juani, kila upande. Nimeimulika kwa tochi ya simu. Hakuna kitu. Ya Mgiriki ilikwanguliwa ikabaki. Mimi naosha vizuri mno. Sistahili kuitwa mwalimu.

Jumapili, 14 Septemba
Hodan amepiga kwa simu ya mjomba wake. Sauti inakatika.

"Mwalimu, ulisoma? Ile hesabu iko sawa?"

Nikasema iko sawa kabisa.

"Alhamdulillah. Basi, mwalimu. Ilikuwa inasumbua mimi kichwa."

Kumwomba aandike tena ni kukiri. Mwoga mimi. Nilipopata moyo wa kupiga, namba haipatikani.

Jumatatu, 15 Septemba
Haipatikani.

Jumatano, 17 Septemba
Loox kumi na nne. Nimesoma kila moja, mbele na nyuma, hadi neno la mwisho, kabla ya kuigusa kwa maji. Zote Qur'ani. Maji nimeyamwaga chini ya mwarobaini, mahali pasipokanyagwa.