Ankoli

Jumatatu, 6 Machi 1911
Masomo kama kawaida baada ya adhuhuri, nyuma ya duka la Walji, juu ya magunia ya mpunga. Wanafunzi wanne, wote Waluguru. Bomani wanataka Kijerumani, lakini barua za Walji kutoka Unguja na Bombay huja kwa Kiingereza, naye anataka makarani wa kuzisoma. Ndiyo maana kaniajiri mimi, niliyesomea Unguja.

Tumeanza, katika kitabu cha Kiingereza, ile hadithi ya kale ya mayatima wawili waliodhulumiwa shamba na ankoli wao. Nikafasiri: mjomba. Wakacheka wote. Kobelo, yule wa Kinole, akasema, "Mwalimu, mjomba hamdhulumu mpwawe. Sisi ni wa ukoo wa mama, mjomba ndiye mwenye sisi. Huyo atakuwa baba mdogo."

Nikamwambia akae chini. Kumbe alikuwa amekaa tayari.

Jumanne, 7 Machi
Nimekipekua kitabu. Mayatima ni watoto wa kaka yake huyo ankoli. Kwa Mwingereza ami na mjomba wote ni ankoli, neno moja tu. Kobelo kapatia. Sitamwambia.

Alhamisi, 9 Machi
Mvua tangu alfajiri, milima haionekani. Tope likanichelewesha. Nilipofika, Kobelo alikuwa anawasomea wenzake, nao wametulia wanamsikiliza. Mimi hunipigia miayo. Walji kasimama mlangoni anatabasamu.

Naona wivu. Nauandika kwa jina lake, maana hakuna atakayesoma.

Baada ya masomo Walji kaniita. Shemeji yake anakuja Jumatatu kutoka Unguja. Mimi na Kobelo tutafasiri hadithi mbele yake, atakayemridhisha ndiye atakayefundisha. Mwingine ajitafutie kazi. Miaka sita ya shule, leo nishindanishwe na mtu niliyemfundisha herufi mwenyewe.

Jumamosi, 11 Machi
Kobelo kaja nyumbani na mkungu wa ndizi kutoka kwao mlimani. Shikamoo nyingi. Anauliza Waingereza wanamwitaje mjomba, wakitaka kumtenga na baba mdogo.

Hawana neno. Nikamwambia wanalo: mazabraza. Nimeliunga papo hapo, mama na kaka kwa Kiingereza. Kalirudia mara tatu, kashukuru, kaenda zake.

Ndizi tamu. Nimekula nne.

Jumatatu, 13 Machi
Nilianza mimi. Nilifasiri sawasawa, hakuna aliyetikisika. Kobelo akafuata. Alipofika pale mayatima wanapofukuzwa shambani, mmoja wa wenzake alijifuta macho. Nilimchukia.

Kisha akaeleza kwamba huyu ni ankoli, si mazabraza. Shemeji alicheka mpaka akashika tumbo. "Nani kakufundisha neno hilo?"

Kobelo akanitazama. Nikatazama magunia.

"Nimelikosea mwenyewe, bwana."

Kazi nimepewa mimi.

Jumanne, 14 Machi
Sikutoka nje. Ndizi zilizobaki zimeanza kuiva mno.

Jumatano, 15 Machi
Nilidhani Kobelo hatakuja. Kaja, kakaa mahali pake, ataendelea kuwa mwanafunzi. Nilipoingia wakasimama wote wanne.

"Shikamoo, ankoli."

Walji alikuwepo. Kafurahi sana, anadhani ni heshima ya Kiingereza, akawaambia waniite hivyo kila siku.

Nimeitikia marahaba. Tukafungua kitabu.