Kumwota Mama kwa Nguvu

Jumatatu, 3 Machi 2025

Ameota tena. Mama mkwe. Hata uso hajanawa, ameketi kwenye kochi langu na kutangaza kwamba dadake, marehemu Apondi, amemjia usiku akitaka jina. Mtoto aitwe Apondi. Kochi langu, mtoto wangu — ndoto zake!

Nikamkumbusha mume wangu Walter kwamba tulikubaliana tangu mimba: akiwa msichana ni Mideva, jina la mamangu. Akasema kwao walio hai hawachagui jina, marehemu ndiye huja kuliomba ndotoni. Nikamwambia hata kwetu Maragoli ni hivyo hivyo, asinifundishe. Akaniuliza: basi mamako amekuja?

Hajaja. Tangu tumzike Agosti, hajaja hata mara moja. Binamu yangu amemwota. Kina mama wa kanisa wamemwota, tena amevaa kitenge kipya. Mimi, mtoto wake wa pekee, hapana. Usiku wangu ni mweusi tu.

Jumanne, 4 Machi

Mtoto amelia asubuhi yote. Mama mkwe akaanza kumtajia majina ya marehemu, moja moja, ati atanyamaza akisikia lililo lake. Nilipomweka tu kwenye titi, akasema "Apondi." Mtoto kimya. Akapiga makofi! Hata angemwita Sufuria angenyamaza, titi liko mdomoni.

Caren, tunayeshona naye pale Mamboleo, amekuja kuona mtoto. Nikammwagia yote. Anasema kuna watu wanaota huku wanajua wanaota, na ukishajua unaweza kumwita unayemtaka. Ameona kwa simu. Mchana unajizoesha: unatazama mikono, unahesabu vidole, unajiuliza, je, naota? Siku moja utajiuliza ukiwa ndotoni, vidole vitakuwa vimezidi, na utajua.

Nilicheka. Halafu nikamwambia arudie polepole.

Ijumaa, 7 Machi

Upuuzi mtupu. Nimeitazama hii mikono mpaka nimeichukia. Nikifua nepi, natazama. Nikichambua omena, natazama. Vidole ni vile vile, vinanuka sabuni na samaki. Mama mkwe amemuuliza Walter kama niko sawa, maana naongea na vidole.

Simu ya Caren inasema pia uamke kabla ya alfajiri kisha urudi kulala, ndipo ndoto hukolea. Kuamka! Mtoto ananiamsha bure. Kurudi kulala ndiyo kazi. Leo nimeota cherehani inatafuna yunifomu ya watu, na mimi nalia tu pale kama mjinga. Mikono ilikuwa mbele yangu, juu ya kitambaa. Sikuitazama! Nimeamka nikijitukana.

Na huyu mama ameshapika uji, amefua, amepanga nguo. Uji wake ni mtamu. Hilo nalo linaniudhi.

Jumapili, 9 Machi

Walter amemwahidi mchungaji kwamba Jumapili ijayo mtoto ataombewa, awe na jina. Hakuniuliza.

Caren anasema nidanganye. Niseme tu nimeota, nani atadai risiti? Sitaki. Jina la Mama liingie kwa mlango wa nyuma? Na kama mtoto akiugua kwa jina ambalo mwenyewe hakuliomba, nitamwambia nani? Tena kama ni uongo, kuna mtu hapa nyumbani ananishinda.

Jumatano, 12 Machi

Nimefika! Nilikuwa nafua, nikatazama mkono — vidole sita. Nikasema, hii ni ndoto. Furaha ikanipanda, nikaamka papo hapo. Mate kwenye mto, basi.

Mama, kama unasikia: mimi ndiye nilikuogesha hospitalini. Mimi ndiye nilikudanganya unapona. Kwa wengine una miguu, kwangu huna? Una hasira gani na mimi? Mimi sasa nina hasira na wewe, nakuambia wazi.

Jumamosi, 15 Machi

Ilikuwa karibu kupambazuka, baada ya kumnyonyesha.

Niko jikoni kwa Mama, Mbale ya kwetu Maragoli. Natazama mikono. Vidole sita. Safari hii sikufurahi. Nilishika hasira yangu na ndoto ikakaa. Nikaita: Mama! Mideva! Uje sasa!

Hodi. Mara moja tu.

Nikafungua. Mwanamke simjui. Mrefu, leso kichwani, kiganja kimefunika mdomo. Akauliza kwa upole kama anaweza kuingia amwone mtoto.

Nilijua naota. Ningeweza kumpa kiti, ilikuwa hiari yangu. Nikamwambia: sikukuita wewe. Nikafunga mlango, nikasukuma komeo. Nikaendelea kumwita Mama mpaka nikaamka koo limekauka. Hakuja.

Walter aliniuliza vipi. Nikasema hakuna.

Jumapili, 16 Machi

Tumevaa tayari kwa kanisa. Mama mkwe ameingia chumbani, akafunga mlango, akaketi kitandani.

"Nyathina," mwanangu, ndivyo ananiita, "mimi sikuota."

Akasema Apondi alikufa bila mtoto. Huko kwao Luanda Kotieno hakuna hata mmoja anaitwa kwa jina lake. Akaona asiposema kitu, litapotea. Kila siku alikuwa anangoja aje kweli, hakuja, akasema uongo. "Lakini nimekuona vile unahangaika. Hiyo si maneno mzuri. Mpe mtoto jina ya mamako. Nimeshaambia Walter."

Ningemkumbatia. Ningemtukana. Badala yake nikauliza Apondi alikuwa mtu wa namna gani.

Akacheka kidogo. Mrefu, akasema. Mpole sana. Alivunjika meno ya mbele akiwa msichana, na tangu hapo akiongea na mgeni anafunika mdomo na mkono. Hata kwa mama yao mzazi alikuwa anabisha hodi, mara moja tu, hataki kusumbua. Usipofungua, anaenda zake.

Nimeshinda. Mideva. Walter amenunua soda. Basi mbona sifurahi? Nina hasira na Mama ambaye hakuja. Nina hasira na huyu aliyedanganya halafu akaacha, angeng'ang'ana tu nijue wa kugombana naye. Na wewe Apondi, dadako analala chumba cha pili, anakulilia, unakuja kubisha kwangu?

Mtoto ameanza kulia. Mama mkwe amembeba, anazunguka naye sebuleni. Namsikia: "Mideva, Mideva." Anasema kwa moyo wote. Mtoto analia tu.

Walter yuko mlangoni. Mchungaji amepiga simu, anataka kujua ataje jina gani. "Mideva, si ndiyo?"

Nimemwambia angoje.