Kipigio cha Mama Mkwe

Jumanne, 8 Desemba
Mama Towa ameteleza kwenye ngazi ya mlangoni. Mvua, kandambili za mbao, na miaka themanini na moja! Mkono wa kulia umefungwa plasta ngumu, wiki sita. Daktari alimuuliza kama anaumwa. Yeye akauliza: sasa chai nani atapiga?
Nyumba hii chai ya unga hunywewa saa nne asubuhi na saa tisa alasiri, iwe mvua, uwe msiba. Miaka ishirini na miwili nimeolewa hapa. Nimepika, nimefua, nimesugua bafu. Kipigio chake cha mwanzi, kile kifagio kidogo cha meno membamba cha kupigia unga wa chai na maji ya moto mpaka utoe povu, sijawahi kukigusa. Leo amekisukuma kwangu kwa mkono wa kushoto kama mtu anayeazimisha mswaki wake.
“Haya. Usikivunje.”

Jumatano, 9 Desemba
Nimepiga. Kwetu Okayama tulifundishwa povu lijae bakuli zima, tena zito. Mama akachungulia. “Fujie mwanangu, hii ni chai au unafua mashuka?”
Mitsugu, mume wangu, akacheka mpaka akapaliwa. Msaliti!
Kwao hapa Matsue povu ni jembamba, na upande mmoja huachwa wazi, chai tupu ionekane kama mwezi mwandamo. Miaka yote hii nimeunywa mwezi huo. Lakini kuupiga! Mimi nimeolewa hapa, mkono wangu bado uko Okayama.

Jumapili, 13 Desemba
Aibu. Nilikiosha kipigio kwa sabuni ya vyombo. Tone moja tu! Saa tisa Mama akanusa bakuli. “Limau,” akasema, akaliweka chini.
Kumbe ni maji ya moto peke yake, halafu unakikalisha juu ya kigingi chake cha kauri, kivulini, meno yarudi kwenye umbo lake. Nilijua! Nimemwona akifanya hivyo mara elfu. Kabla ya kupiga unakichovya kwanza, maana mwanzi mkavu huvunjika. Usikandamize. Mkono uchezee kwenye kifundo, bega litulie.
“Hapa hakuna ngoma,” kasema Mama.

Ijumaa, 18 Desemba
Alikuwa kwenye simu na wifi yangu Sanae wa Osaka. Sikusikiliza. Nilisikiliza.
Tarehe kumi Januari ni chai ya kwanza ya mwaka, wageni saba, kila mwaka hapa kwetu. Amemwambia Sanae aje, yeye ana cheti cha chai. Fujie akiweza, atapiga Fujie. Akishindwa, atapiga Sanae, na birika, mabakuli, kila kitu kihamie Osaka. Nyumba isiyo na mpiga chai vyombo vya nini?
Nimelia kidogo jikoni. Nusu hasira, nusu wivu. Nazitaka saa nne na saa tisa zibaki nyumba hii. Nataka ziwe zangu. Sijawahi kumwambia mtu.

Jumamosi, 19 Desemba
Mabakuli sita ya mazoezi. Mitsugu kayanywa yote. Sasa usingizi umemkimbia, anapanga upya kabati la viatu, kwa rangi.

Alhamisi, 24 Desemba
Mwezi! Mwembamba, umepinda, lakini mwezi!
Mama kautazama weee. “Umeng’atwa na panya.” Kisha akanywa hadi tone la mwisho, akalifyonza kwa sauti kama mgeni aliyeridhika.
AKAFYONZA.

Jumanne, 5 Januari
Chai ya kwanza hupigwa kwa kipigio kipya. Dukani Mama kaniambia nichague mwenyewe. Nikatwaa cha meno mia, kwa madaha ya mtaalamu.
“Hicho ni cha wapenda povu,” kasema huku anatazama dari.
Nikakirudisha. Nimechukua cha meno sabini. Akatabasamu, au labda ni tumbo.

Jumamosi, 9 Januari
Sanae kafika. Kimono tatu kwa siku mbili! “Wifi, usijali, ukichoka mimi nipo.” Mdomo asali tupu. Sichoki ng’o.

Jumapili, 10 Januari, saa nne na nusu, jikoni
Naandika nimesimama. Wageni bado wako sebuleni. Nisipoandika nitapasuka.
Bakuli la kwanza lilikuwa la Mzee Kageyama, mwalimu mkuu mstaafu, mgeni wa heshima. Kila nikiinua jicho, Sanae huyo hapo karibu na birika. Nikaruka hatua: kipigio kipya, kikavu, moja kwa moja kwenye unga! Nikapiga. Mwezi ukatoka, mzuri kuliko yote niliyowahi kupiga. Nikalisogeza bakuli mbele ya mgeni, ndipo nikakitazama kipigio.
Pengo. Jino moja halipo, limebaki ndani ya chai ya mgeni.
Sanae akaliona pengo. Nilimsikia akivuta pumzi ili aseme.
Na Mama Towa, mtu ambaye angekufa kwa kiu kabla ya kumtangulia mgeni, akanyoosha mkono wake wa kushoto, akalichukua bakuli la Mzee Kageyama!
“Mwalimu, nisamehe. Kikongwe nina kiu.”
Akanywa yote. Akafyonza. Mzee Kageyama mdomo wazi, mikono bado iko hewani.
Tangu hapo Mama hajafungua kinywa. Wanamuuliza mkono unaendeleaje, anatikisa kichwa. Sanae kauliza, “Mama, niendelee mimi?” Kichwa: hapana. Shavu lake la kushoto limetuna kidogo tu. Jino la kipigio limo mle. Miaka ishirini na miwili sijapata kumsikia kimya hivi! Nampenda huyu bibi, Mungu wangu.
Nimesingizia kufuata maji ya moto. Kipigio kiko ndani ya maji sasa, kinakunywa. Ndiyo, sasa!

Mlango umesogea. Ni Mama, midomo imebanwa, macho makali. Kaweka bakuli safi mbele yangu. Ananionyesha vidole vya mkono mzima: vitano, halafu viwili. Wageni saba, hakuna hata mmoja aliyekunywa. Nimemwambia ateme basi, Mama, tuko wawili tu. Anakataa, anagonga meza kwa plasta, kwa sababu nyuma yake Sanae naye anaingia jikoni, na mkono ameshaunyoosha kuchukua kipigio. Naweka kalamu, nakiwahi mimi!