Sahani Zikirudi Jikoni

Jumatatu, 3 Machi

Baba hajala. Asubuhi alifunga mdomo, mchana akageukia ukutani, jioni akaniambia ameshiba. Ameshiba nini? Hewa?

Leo nimepunguza tena kiuno cha suruali yake. Mimi fundi cherehani, mwili wa mtu nausoma kwa futi, na futi haijui kubembeleza. Nikipunguza mara nyingine mifuko ya nyuma itakutana.

Muuguzi wa zahanati alipita. Mapafu safi, koo safi, tumbo safi. Tatizo ni kichwa – usahaulifu wa uzee ukizidi, anasema, mtu husahau hata njaa. Akaongeza kwamba mgonjwa haulizwi uji. Sawa, dada, haulizwi. Na akiuma meno je?

Halafu Kaka akapiga simu. Humu ndani namwita Mkurugenzi, kwa sababu huongoza kila kitu akiwa mbali. Jumapili anakuja na gari. Kama Baba bado hajala, anampeleka hospitali awekewe mpira wa kulishia puani. Nikamkumbusha mama wa jirani – aliuvuta ule mpira mpaka wakamfunga mikono kitandani, na akafa hivyo hivyo, kafungwa. Akasema basi nilete njia nyingine. Njia nyingine! Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Jumanne, 4 Machi

Kasema neno la maana! Nilikuwa napasha maziwa, vijiko viwili vitatu ndivyo pekee anavyomeza, yeye kasimama mlangoni mwa jikoni na pajama zake. Akasema wazi kabisa, kwa sauti ya mtu aliye kazini: punguza moto, sosi itashika chini.

Sosi ipi? Sikuwa na sosi yoyote.

Nimeiwaza jioni nzima. Baba alipika kwa Wazungu maisha yake yote ya kazi – familia moja, kisha mtoto wao na mkewe. Sisi watoto wake hatujaonja hata kijiko. Alikuwa na sheria: chakula cha kazini hakivuki kizingiti cha nyumbani. Mama alimtania sana, tuletee basi hata ukoko! Yeye anacheka tu. Kile ni chakula cha watu, anasema. Na nyumbani hakugusa sufuria, alikula alichopika Mama na kushukuru.

Labda njaa yake imebaki kule kazini. Kesho nitajaribu.

Jumatano, 5 Machi

Koliflawa na sosi nyeupe. Siagi, unga, maziwa – nani atashindwa? Mimi. Ilitoka gundi ya kubandikia matangazo ukutani. Baba alichota kijiko, akakiinamisha, akatazama madonge yakidondoka moja moja. Akauliza ni nani aliyemwajiri huyu mwanamke.

Nilicheka mpaka nikakaa chini sakafuni. Hakula. Lakini alikasirika! Sikumbuki lini nilimwona amekasirika. Niliona ni kama mgeni niliyempenda kapita dirishani.

Alhamisi, 6 Machi

Leo alishika mwiko mwenyewe. Siagi iyeyuke, isibadilike rangi. Unga, koroga. Maziwa ya vuguvugu, kidogo kidogo, na mkono usisimame. Jina langu limemtoka tangu mwaka jana, lakini mkono wake unajua lini sosi imekubali. Tazama mgongo wa kijiko, akaniambia – akapitisha kidole, alama ikabaki. Tayari. Nyama ya ng'ombe ilikuwa motoni tangu asubuhi, taratibu, na karoti na vitunguu. Viazi tukavipondaponda na siagi. Akapanga sahani, akafuta ukingo kwa ncha ya taulo, akarudi nyuma hatua kuitazama. Nilimwona ni mzuri, baba yangu. Nilikuwa nimesahau.

Nikaonja. Niseme ukweli, hapa hakuna anayesoma: ni chakula kipole mno. Kinapita bila hata kukusalimia. Ndicho hiki tulichokiota utotoni? Ila ile sosi – sosi nilirudia.

Kisha nikaharibu. Nilimketisha mezani, kitambaa mapajani, sahani mbele yake kama bwana harusi. Akaitazama sahani. Akanitazama mimi. Akaanza kutetemeka. Akasimama kwa ghafla, kiti kikaanguka, akaninong'oneza nisimfanyie hivyo, Madamu akiingia atamfukuza, na yeye ana watoto wadogo.

Ana watoto. Mmoja wao ndiye aliyemshika mkono kumrudisha kitandani. Nimelia bafuni, bomba nimelifungua ili asisikie.

Ijumaa, 7 Machi

Hajala. Sare za shule zimelala kwenye cherehani bila kola. Mwalimu mkuu kapiga simu, nikamwambia uzi umeisha. Uongo. Aliyeisha ni mimi.

Jumamosi, 8 Machi

Amekula!! Mungu wangu, amekula.

Niandike kwa utaratibu. Tulipika supu ya viazi na liki, yale majani marefu ya jamii ya kitunguu, nzito, ya maziwa. Nikapakua, nikaweka mezani. Akagoma kukaa. Kasimama nyuma ya kiti, mikono mgongoni, macho kwenye pazia. Baba, karibu. Hapana. Baba, supu inapoa. Mimi nami nilikuwa na njaa yangu, na uchovu ukizidi hata adabu hulegea. Nikakaa mimi. Nikala mbele ya baba yangu mzazi, yeye wima – Mama angekuwa hai angenifinya sikio mpaka litoke. Nikamaliza, nikarudisha sahani jikoni, nikaenda kuanua nguo.

Kurudi, namkuta kwenye sinki. Kasimama, sufuria mkononi, anakula kwa mwiko. Haraka haraka, jicho mlangoni. Alikuwa ameshafika chini, anakwangua. Aliponiona akauficha mwiko mgongoni. Akasema: sahani zimerudi, Madamu, wote wameshiba.

Nikamjibu ndiyo, wameshiba. Malizia tu.

Nilitaka kupiga vigelegele. Nilichukua simu nimwambie Kaka aghairi gari lake na mpira wake. Namba nikaitafuta, nikaiona, nikaiacha. Nitamwambiaje? Maana nimeelewa. Hivyo ndivyo alivyokila chakula kile miaka yote. Wima, kwa mwiko, kilichobaki, baada ya wenyewe kushiba. Halafu jioni anarudi kwetu, anakaa kwenye kiti chake, anapakuliwa wa kwanza, na sisi tunanyamaza mpaka ameonja. Kumbe ndiyo maana hakutuletea. Angetuletea pamoja na nini – kule kusimama kwake?

Nina furaha. Na nina hasira, sijui nimkasirikie nani. Vyote viwili viko tumboni na ile supu.

Jumapili, 9 Machi

Naandika nikiwa jikoni, daftari juu ya jokofu. Wapo chumba cha kulia, wote wawili.

Asubuhi Baba aliamka akidai aproni. Sina aproni nyeupe, nikamkatia moja kwenye shuka, nikaipiga pindo kwa dakika chache. Tukapika pai – nyama ya kusaga chini, viazi juu, mistari ya uma, ndani ya oveni mpaka ikawa ya dhahabu. Nami nikavaa gauni langu la harusi za watu. Nikakaa kwenye kichwa cha meza. Niliona aibu peke yangu, kama mtoto aliyevaa viatu vya mama yake. Lakini nilijiambia: mwanamke, hii ni dawa. Dawa hailazimiki kuwa tamu.

Akaniandalia. Upande wa kushoto, kainama kidogo. Nikasema asante. Nikaanza kula.

Na Mkurugenzi akaingia bila hodi.

Alitazama gauni, akatazama aproni. Uso wake sijawahi kuuona vile. "Umemfanya Baba boi?" Nikamwambia kwa sauti ya chini, Kaka, jana amekula sufuria nzima, ngoja uone, nikimaliza mimi naye atakula. Akasema hataki kuona. Akasema mzee huyu alisimama ili sisi tukae darasani, na leo binti yake mwenyewe anamsimamisha. Akasema bora mpira. Nikamuuliza, na mikono watakapoifunga, hiyo ndiyo heshima? Akasema angalau atakuwa amelala, hatakuwa anamtumikia mtu. Ndipo nikaona analia. Mkurugenzi! Hata kwenye msiba wa Mama alikuwa anapanga viti.

Akavuta kiti. "Baba, kaa hapa. Kaa na wanao." Akamshika bega amkalishe. Baba akaanza kutetemeka kama Alhamisi, akakamata ukingo wa meza. Nikasema mwache, Kaka, mwache! Akamwachia.

Baba akajinyoosha. Akaiweka sawa aproni. Akanigeukia mimi, kwa upole, kama anayenifichia aibu, akauliza:

"Madamu, mgeni naye atakula?"

Nikamtazama Kaka. Kaka akatazama ufunguo wa gari mkononi mwake. Sikungoja aseme. Nikasema ndiyo, atakula.

Baba akaleta sahani ya pili. Akapakua, akafuta ukingo, akaizungusha upande mzuri ukae mbele. Akaiweka mbele ya mwanawe wa kwanza, kushoto, kainama kidogo. Kisha akarudi nyuma ya kiti, mikono mgongoni, macho kwenye pazia. Magoti yalikuwa yanamcheza ndani ya suruali.

Nilimaliza ya kwangu upesi upesi, nusura nipaliwe. Nikairudisha mwenyewe jikoni ili aone. Haitoshi. Sahani ni mbili, anasubiri zote. Nimerudi pale mlangoni nikamwambia Kaka: kula. Kashika uma. Hajala. Nimerudi tena, nikasema kula, tafadhali, miguu yake haiwezi kusimama zaidi.

Sasa hivi Baba kaja huku jikoni, kajishikilia ukuta. Kaitazama pai iliyobaki, akameza mate – nimeona mwenyewe, amemeza mate! Nikamsogezea mwiko. Akatikisa kichwa. Akaniuliza kwa siri, kwa wasiwasi kabisa:

"Mgeni hajapenda? Ni chumvi?"

Nikamwambia chumvi iko sawa. Mgeni anakula polepole, ndivyo alivyo.

Akaitikia kwa kichwa. Karudi kusimama.

Uma umegonga sahani. Mara moja. Nasikiliza kama utagonga tena.