Kibakuli cha Kuiba

Mama Poni,

Mimi mzima, miguu tu inauma. Wewe sikuulizi hali. Nimekaa mlangoni kwako hapa Dadamu, kaburi lako liko mbele yangu, na ningeweza kukuambia haya kwa mdomo. Lakini nikiongea peke yangu wasichana wako wanaogopa, wanafikiri na mimi nimeanza kuondoka. Kwa hiyo naandika. Shule yangu unaijua, iliisha siku mwalimu aligundua kwamba ninajibu. Mwandiko usiucheke.

Kwanza nikugombeze. Mutu anaumwa tumbo, anakonda, anasema ni malaria tu? Nilikutumia neno uje Koboko, kwa binti yangu ambaye ni nesi. Ukajibu, "Nitakuja soko likipoa." Soko limepoa. Wewe hukuja. Nilikuja mimi, nikakukuta umeshafunikwa shuka, na Poni anafukuza nzi kwa kitenge chako cha kanisani. Sikukusamehe siku ile na leo bado.

Unakumbuka ulivyowapata Poni na Keji? Ulikuja soko la Koboko na magunia yako ya unga wa muhogo. Keji alikuwa mdogo, akapitisha mkono nyuma ya gunia, akalamba unga mkavu vidoleni. Wauzaji wengine wangempiga. Wewe ulimshika mkono, ukamwambia, "Unga mbichi hauliwi. Kalete maji, tupike." Nilikueleza mimi: mama yao amekwenda Congo na mwanamume mwingine, baba anapeleka bidhaa ng'ambo ya mpaka, akirudi anaangalia gari lake kuliko wao, na mama wa kambo anawalaza jikoni na mbuzi. Chai walikuwa wanakunywa kwangu. Ukaenda kumwona yule mama wa kambo, ukamwomba Keji. Akasema, "Chukua. Na dada yake pia iko." Kama mtu anayegawa paka.

Nilikuambia, "Adiru, wewe hukuzaa, hujui watoto. Hawa watakutoroka." Ukapanda lori na unga wako na wale wawili juu ya magunia. Nilikasirika sana.

Hawakutoroka. Mtu wa kutoroka angevua viatu kwanza asisikike, na Keji alikuwa analala na ndala miguuni, akingojea kurudishwa. Poni alikuwa anaficha enyasa, ule ugali wako wa muhogo, ndani ya gauni, donge zima la moto mpaka ngozi inababuka. Ulipokuta vipande vimekauka chini ya mkeka, hukugomba. Ulichukua kile kibakuli cha bluu chenye kifuniko, ukakijaza enyasa na mboga ya kunde, ukakiweka kwenye ubao juu ya vyungu. Ukawaambia, "Hiki ni cha kuiba. Mukitaka kuiba, ibeni hapa." Nilikuwepo, nilicheka mpaka nikashika ukuta. Kila usiku ulikijaza, kila asubuhi kilikuwa tupu. Mpaka asubuhi ile ulipofunua ukakuta chakula kizima, kimelala, hakijaguswa. Ulilia, wewe mwanamke mgumu vile. Mimi sikuelewa unalilia nini, chakula kipo.

Baada ya hapo soko lote likaanza kukuita Mama Poni. Ulikuwa unaitika haraka, kama unaogopa mwingine ataitika kabla yako.

Sasa nikuambie walivyofanya. Siku ya kukuzika, shemeji yako Ezama, ndugu ya marehemu mume wako, alisimama akasema mke wa kaka yake hakuacha mtoto. Poni alikuwa pale pale na beseni, ananawisha wageni mikono. Nilifunga mdomo. Mbele ya maiti sigombani.

Lakini siku ya kunyoa nywele za msiba nilifungua. Kwenu huku mtoto wa marehemu ananyolewa na shangazi yake, dada ya baba, na akishanyolewa na mkono ule hakuna wa kumuuliza tena yeye ni wa nani. Wale wasichana hawakungoja. Waliogopa wataachwa. Kabla jua halijatoka Poni alimnyoa mdogo wake nyuma ya jiko, kisha akajinyoa mwenyewe, bila kioo. Walipotoka, Mama Poni, vichwa vilikuwa kama shamba la karanga lililopitiwa na nguruwe. Ezama akasema, "Nani amewaruhusu? Hawa si watoto wa nyumba hii. Wafunge nguo, warudi Koboko kwa baba yao."

Nikasimama. Nikasema, "Ezama, baba yao namjua, tunakaa mtaa mmoja. Baada ya mazishi nilimkuta sokoni, nikamwambia mwanamke aliyekulelea watoto amekufa. Aliniuliza bei ya simsim."

Ezama akasema hilo ni neno la Koboko, si lao.

Ndipo wifi yako Letaru akainuka kwenye mkeka na fimbo yake. Letaru huyu aliyekuita mti usio na matunda miaka yote. Nikajua sasa kwisha. Akamshika Keji sikio, akageuza kichwa. "Nani amenyoa wewe hivi? Huku nyuma iko manyoya kama kuku. Watu waseme nyumba ya kaka yangu haina wembe?" Akamkalisha katikati ya magoti yake, akanyoa mpaka kikang'aa. Halafu akamwita Poni.

Ezama akauliza, "Dada, unajua unachofanya?"

"Najua kunyoa. Wewe leta maji."

Na alileta, mwenyewe, kwa jagi. Sijui kama Letaru alikuwa na huruma au alishindwa tu kuvumilia kazi mbaya. Sitamuuliza. Tangu siku ile neno la kuwarudisha Koboko sijalisikia. Juzi Ezama alipita akamuuliza Poni kama panya wanaingia ghalani.

Wewe ungeona hayo kwa macho yako. Hilo ndilo linaniuma. Wamenyolewa kama watoto wako mbele ya watu wote na wewe uko chini.

Unga wako Poni anauza yeye, anapima mpaka unamwagika kama wewe, hasara tupu. Keji haongei sana. Usiku amerudi kulala na ndala miguuni. Mtoto mkubwa vile, matiti yameota. Nikimwambia avue ananiita bibi, anasema, "Haboba, miguu iko na baridi." Baridi gani.

Kwa hiyo nimekaa. Wajukuu wangu kule Koboko wana mama zao, wanune. Nimeteremsha kile kibakuli, nimekiosha vumbi, nakijaza kila jioni. Sijasema kitu. Leo asubuhi nimefunua: tupu, kimelambwa mpaka chini.

Lala, Mama Poni. Kila ukiitwa jina hilo hapa, naitika mimi kwa niaba yako. Kibakuli nitakijaza. Na asubuhi nitakayokikuta kizima, hakijaguswa, nitakuja hapo kwenye udongo wako nikuambie, na nitalia. Sasa najua ulikuwa unalilia nini.

Mimi,
Hajara wa Koboko