Theluji ya Shemeji Dwight

Jumapili, 9 Februari
Nimepanda mlimani na mume wangu, Owen, kuangalia theluji. Theluji gani! Mwaka jana ilinifika kiunoni. Leo haifuniki hata buti. Nikamwambia: theluji hii ndiyo maji ya mto wetu; huku juu kukiwa hivi, Julai mto utakuwa vuguvugu, na trauti ni samaki wa maji ya baridi. Akaguna. Ndilo jibu lake la kila kitu tangu tuoane.

Jioni shemeji Dwight, kaka yake, akaja kunywa supu yetu. Biashara ya kupeleka wageni kuvua ni yetu sote, ila bosi ni yeye — kwa kuwa ana sauti kubwa. Ameshawaambia wateja theluji ni tele!

"Shemeji, unapenda matanga. Machi si bado ipo?"

Mdomo ule ungekuwa wingu, jimbo zima la Montana lingefunikwa hadi mapaa.

Ijumaa, 16 Mei
Joto la ghafla. Theluji yote imeyeyuka na kushuka kwa mkupuo. Mto umefura, rangi ya chai ya maziwa, magogo yanapita. Dwight anaupiga picha, anajichekea: eti nani alisema ukame? Mpumbavu! Hayo ni maji ya Julai yanayotukimbia. Ghala linaungua, yeye anafurahia mwanga.

Alhamisi, 3 Julai
Mawe ya mtoni yako nje. Serikali imepiga marufuku kuvua mchana, kuanzia saa nane. Maji yakipata moto, trauti akishavuliwa hufa hata ukimrudisha.

Chini ya daraja nimeokota mmoja, wa kahawia, mrefu kama mkono wangu. Amekufa. Mdomoni jeraha bichi la ndoana. Nikaenda kumlaza mezani kwa Dwight, kando ya mayai yake.

"Kafa kwa uzee huyu."

Na mayai akayamaliza!

Jumamosi, 12 Julai
Alasiri. Jua la kuchoma. Niko garini, pale tunapotolea mashua mtoni. Nimesikia Dwight kapeleka wageni kuvua — saa hizi! Nimekingamisha gari njiani. Nimempigia askari wa wanyamapori. Shemeji au si shemeji. Owen yuko mjini, kaenda kununua vipuri, afadhali, asione.

Hao, wanakata kona. Mgeni kasimama mbele, fimbo ya kuvulia imepinda — wana samaki! Dwight kaketi nyuma kama sultani.

"Shemeji, toa gari!"

Sitoi.

Ila makasia — anayepiga makasia ni Owen. Vipuri! Mume wangu, kibarua wa kumsaidia mjinga kuua mto.

Kaniona. Kaacha makasia, mashua inajiendea tu na maji. Kule barabarani vumbi: gari la askari. Owen kachomoa kisu, kakata uzi wa yule samaki. Mgeni anapayuka, Dwight anamtukana ndugu yake matusi ya nguoni. Owen hawasikilizi. Ananitazama mimi, kisu mkononi.

Askari ameshuka. Ananiuliza mimi: ni nani kati ya hao aliyepeleka wageni kuvua —